Safu ya Saba

Kapalata alichora jedwali kwenye daftari la Mgole,
nyuma ya ukurasa wa hesabu za sehemu:
safu sita, kwa rula, kama mtu anayejenga.
Kodi. Maji. Umeme. Shule. Zahanati. Umbali hadi karakana.
Mimi nilishika kalamu ya akiba.
Mama mkwe alishika blanketi.
Watu watano, chumba kimoja cha gesti, siku nne,
na mizigo yetu ya Tabora bado iko stendi,
godoro limefungwa kamba za katani
kama mgonjwa ambaye ndugu zake hawajapatikana.

Dalali aliitwa Ambokile. Koti la ngozi, simu mbili.
Alitupeleka Forest kwanza, ili tuone aibu mapema.
Miti mirefu, mageti, mbwa wanaobweka kwa zamu.
Kodi ya miezi sita, mkononi.
Kapalata aliandika tarakimu, kisha akazipiga mstari
taratibu, kama anayemfunika mtu shuka.

Mwanjelwa kila kitu kipo mlangoni, hata usichokitaka:
mitumba, vitumbua, spika mbili za mkesha zikijibizana.
Mgole alipapenda. Ana miaka kumi na moja,
angependa hata radi.

Isyesye, saruji bado inanuka.
"Maji yanakuja," alisema Ambokile.
Nikamuuliza, yameanza safari lini?
Akacheka, akawasha bajaji.

Uyole, viazi kwa magunia, matope meusi,
malori yanapumua kando ya barabara kama ng'ombe.
Sizya wangu wa mwisho akakohoa mara tatu.
Safu ya zahanati: ndiyo, ipo.
Safu ya kifua haikuwepo.

Baridi ile sikuambiwa.
Niliambiwa "kuna kabaridi",
na hako ka- kadogo ndiko kalikonidanganya.
Juni ya Mbeya haina ka-.
Inaingia kwenye mifupa bila kubisha hodi,
inakaa, inaomba chai.

Siku ya nne tukapanda Ilemi.
Vyumba viwili na sebule, bati lina kutu upande mmoja,
mlima umejaa dirishani hadi anga limekosa nafasi.
Kapalata akaandika: kodi, nafuu.
Maji, siku tatu kwa wiki. Karakana, mbali.
Mama mkwe, ambaye siku zote hizo alisema "mh" tu,
akateremka kwenye bajaji, akauliza:
"Makaburi yako wapi?"

Ambokile alitazama simu zake zote mbili.
"Bibi, hii ni nyumba ya kupanga."
"Nimesikia. Na mimi ni mtu wa kufa."

Ng'ambo ya michongoma mwanamke alikuwa akimenya magimbi.
"Ugonile," akasema, yaani umelala?
"Mwangaluka," akajibu mama mkwe, yaani mmeamka.
Hawakuelewana neno, lakini usiku mmoja mzima
ulipita salama katikati yao.

Akaonyesha kwa kisu, ng'ambo ya korongo, penye mikaratusi.
"Mume wangu yuko pale.
Tulikuwa na wiki tatu tu hapa.
Walikuja kuchimba watu nisiowajua majina.
Mmoja alikuja na sururu ya kuazima."
Akarudi kwenye magimbi yake.

Mama mkwe aliingia ndani bila kuuliza bei,
akatandika blanketi.
Kapalata alisimama na rula mkononi,
akitafuta mahali pa kuchora safu ya saba.
Karatasi ilikuwa imekwisha.

Sasa ni Julai. Dirisha la Sizya lina ufa
ambao upepo wa mlima unaupigia mluzi.
Niliuchana ule ukurasa, nikaukunja mara nne, nikaziba.
Forest imetazama nje, inalowa ukungu.
Uyole imetazama ndani.
Yule jirani jina lake Tusekile,
ananidai kikombe cha chumvi na sufuria lenye mfuniko.
Sizya bado anakohoa. Si kila usiku.